Milimita 31.6 zimetoka wapi? Makosa ya intapolesheni ya mihimili miwili na namna ya kuyasaka

Kila masika yakishika kasi, simu za watu wa Mombasa hujaa ramani za mvua. Buluu imeenea toka Mtwapa hadi Likoni, zambarau imekoza juu ya Changamwe, na chini ya picha mtu ameandika kwa kujiamini: "Kisiwani, milimita 31.6." Wenye kisiwa chao wanatazamana. Nani amepima? Kwenye paa la nani? Mmoja anasema setilaiti imeona, mwingine anasema ni uongo mtupu, na yule kijana anayejua kuandika programu anasema "ni data", mjadala unaishia hapo.

Namba kama hiyo mara nyingi haikupimwa pale inapotajwa. Imekadiriwa na kompyuta kutokana na namba za mahali jirani, na kazi hiyo huitwa intapolesheni: kutafuta thamani ya katikati pale unapozijua za pembeni. Ina kanuni zake, na inaweza kuwa nzuri sana au mbovu sana kutegemea aliyeifanya.

Mkanganyiko wa pili uko kwa wachoraji wenyewe. Tangu 2024, wengi waliorithi msimbo wa zamani wa Python, lugha ya kuandikia programu, wamefungua kompyuta na kukuta programu iliyokuwa ikichora vizuri tu sasa inakataa katakata. Wengine hupata ramani yenye mashimo meupe. Wengine tena, na hawa ndio wa kuhurumiwa zaidi, hupata ramani ya kupendeza isiyo na kasoro yoyote ya macho, ila mvua ya Kwale imehamishiwa Bamburi.

Nikiulizwa, katika makosa haya hesabu yenyewe huwa na hatia kwa nadra sana. Kinachoharibu ni kutoelewana kati ya mtu na kompyuta kuhusu namba ipi inakaa wapi. Na kosa linalosimamisha programu ni afadhali mara kumi kuliko lile linaloiacha iendelee.

Mhimili mmoja, kisha miwili

Tuseme maji ya Kilindini yamepimwa saa nne asubuhi yakawa mita 1, na saa sita yakawa mita 2. Saa tano yalikuwa kiasi gani? Ukijibu mita 1.5, umeshafanya intapolesheni ya mhimili mmoja, ile ya mstari ulionyooka. Mvuvi wa Likoni atakupinga kidogo, na ana haki: maji yakianza kujaa hupanda taratibu, hushika kasi katikati, kisha hulegea yanapokaribia kujaa kabisa. Yeye kichwani mwake ana mkunjo, wewe una mstari. Zote mbili ni intapolesheni, zinatofautiana tu katika kile kinachodhaniwa kilitokea wakati hakuna aliyekuwa akitazama.

Mahali kwenye ramani hapatajwi kwa namba moja. Panahitaji mbili: latitudo, yaani umbali kaskazini au kusini mwa ikweta, na longitudo, yaani umbali mashariki au magharibi mwa mstari wa Greenwich. Mombasa iko takriban latitudo -4.05 na longitudo 39.67, na hiyo alama ya kutoa ni kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Thamani tunayoitafuta, iwe mvua, joto au kina cha maji, inategemea namba zote mbili kwa pamoja. Hapo ndipo matatizo yanapozaliwa, kwa kuwa namba mbili zinaweza kubadilishana nafasi. Moja ikiwa peke yake haina wa kubadilishana naye.

Fikiria turubai la arusi lililotandwa barabarani Mji wa Kale. Kila nguzo ni mahali palipopimwa, na urefu wa nguzo ndio thamani iliyopatikana hapo. Kitambaa kilichovutwa kati ya nguzo ndicho intapolesheni. Ukitaka kujua mvua ya mahali pasipo na nguzo, unasimama hapo na kutazama kitambaa kiko juu kiasi gani. Nje ya nguzo za mwisho hakuna kitambaa, na atakayesimama huko atapigwa na jua.

Nguzo hupangwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni gridi: zimesimama kwa mistari, umbali sawa kila upande, kama zinavyokuja data za setilaiti na za vielelezo vya hali ya hewa, yaani programu zinazoiga anga. Ya pili ni data iliyotawanyika: nguzo moja uwanja wa ndege, moja kwenye shule Kisauni, moja kwa mtu aliyejinunulia kipima mvua chake Mikindani. Kila namna ina funksheni zake, yaani vipande vya programu vya kuifanyia hesabu. Kuipa funksheni ya gridi data iliyotawanyika, au kinyume chake, ndicho chanzo cha nusu ya vilio ninavyovisikia.

Hesabu kwa mkono

Tufanye mfano mzima, maana bila kushika namba mambo haya hubaki hewani. Kuna hifadhidata maarufu ya hali ya hewa iitwayo ERA5, inayotolewa na ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri. Gridi yake ina hatua ya nyuzi 0.25, ambazo huku kwetu karibu na ikweta ni kilomita 28 hivi kila upande. Kisiwa chote cha Mombasa, toka Makupa hadi feri, kinamezwa ndani ya mraba mmoja na nafasi inabaki.

Pembe nne za mraba huo zinaangukia wapi? Ya kaskazini magharibi, latitudo -4.00 na longitudo 39.50, iko bara, pande za Mazeras. Ya kaskazini mashariki, -4.00 na 39.75, iko baharini karibu kabisa na Bamburi. Ya kusini magharibi, -4.25 na 39.50, iko bara ya Kwale. Ya kusini mashariki, -4.25 na 39.75, iko ndani ya Bahari ya Hindi, mbali na ufuo wa Diani. Kumbe nguzo mbili zimesimama nchi kavu na mbili majini, na sisi tuko katikati. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu aipokee kwa tahadhari ramani yoyote ya mvua ya Mombasa iliyochorwa hivyo. Isitoshe, nguzo zenyewe za ERA5 hazikupimwa kwa kipima mvua zilipo. Ni mazao ya kielelezo cha kompyuta kilicholishwa vipimo vingi.

Sasa tuzipe namba za mfano. Mazeras milimita 20, Bamburi 40, Kwale 10, bahari ya Diani 30. Kwa longitudo, Mombasa imesogea 0.17 kutoka ukingo wa magharibi kati ya 0.25 zilizopo, yaani sehemu 0.68 ya njia. Kwenye mstari wa kaskazini tunaanza na 20 na kuongeza 0.68 ya tofauti ya 20, tunapata 33.6. Kwenye mstari wa kusini tunaanza na 10, tunaongeza kiasi hicho hicho, tunapata 23.6. Kwa latitudo tumeshuka 0.05 kati ya 0.25, yaani sehemu 0.2. Basi kutoka 33.6 tunapunguza 0.2 ya tofauti ya 10. Jibu ni 31.6.

Ndiyo intapolesheni ya mihimili miwili kwa njia iliyonyooka: mara mbili kwa longitudo, mara moja kwa latitudo. Kwa Python, kupitia maktaba ya SciPy, yaani mkusanyo wa funksheni zilizokwisha kuandikwa, kazi hiyo hiyo inaandikwa hivi:

from scipy.interpolate import RegularGridInterpolator
ramani = RegularGridInterpolator((latitudo, longitudo), mvua)
ramani((-4.05, 39.67))

Mistari mitatu tu. Tazama mpangilio wake: latitudo imetangulia, longitudo ikafuata, kwa hiyo jedwali la mvua lazima liwe na safu mlalo kwa latitudo na safu wima kwa longitudo, na swali nalo liulizwe kwa mpangilio huo huo. Ni mahali patatu pa kukubaliana, na yatosha kukosea pamojawapo tu.

Msimbo unaokataa

Tuanze na makosa ya kelele, maana hayo yana heshima zake.

Aliyezoea SciPy ya zamani alikuwa akitumia funksheni iitwayo interp2d. Ilitangazwa kuwa ya kuachwa katika toleo la 1.10 mwaka 2023, ikaondolewa kabisa katika toleo la 1.14 mwaka 2024. Ukiiita leo inakurudishia ujumbe mrefu unaotaja mbadala wake. Wengi waliposasisha maktaba bila kusoma maelezo ya toleo walidhani kompyuta imeharibika. La, funksheni imestaafishwa, na kwa maoni yangu ilistahili. Ilikuwa ikikisia kama data yako ni gridi au imetawanyika kwa kuhesabu tu namba: idadi ya thamani ikilingana na mhimili mmoja mara mwingine, basi ni gridi. Ilikuwa ikipanga upya sehemu ulizouliza kabla ya kukujibu, hivyo majibu yalikuja kwa mpangilio wake, si wako. Na ukiuliza nje ya eneo la data, ilikupa kimyakimya thamani ya ukingo wa karibu. Ukarimu wa namna hiyo una hasara.

Mbadala unategemea data. Gridi inakwenda kwa RegularGridInterpolator au RectBivariateSpline, na data iliyotawanyika inakwenda kwa LinearNDInterpolator, CloughTocher2DInterpolator au griddata. Hapa pana mtego: interp2d ilitaka mhimili wa pili, ule wa y, ndio uwe safu mlalo za jedwali, ilhali RectBivariateSpline inataka safu mlalo ziwe za mhimili wa kwanza. Anayebadilisha jina la funksheni peke yake na kusahau kulipindua jedwali, safu mlalo ziwe safu wima, anapata hitilafu, na hiyo ni bahati nzuri. Asipoipata, tutakutana naye baadaye kidogo.

Njia ya mkato ni kurudisha toleo la zamani la SciPy. Kama ripoti inatakiwa kesho asubuhi, sitakulaumu. Ila usiifanye makao.

Hitilafu nyingine ya kelele inasema kwamba kuna pointi tano na thamani nane kwenye mhimili fulani. Maana yake umeleta latitudo tano lakini jedwali lako lina safu mlalo nane. Karibu kila mara jedwali limelala upande. Mshukiwa mkubwa ni funksheni ya NumPy, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, iitwayo meshgrid, ambayo usipoiambia kitu hufuata desturi ya wachoraji: mhimili wa kwanza unalazwa kwenye safu wima. Ukitaka wa kwanza ubaki safu mlalo, andika indexing='ij'. Kabla ya jambo lolote, chapisha umbo la jedwali kwa mvua.shape ulitazame. Mtu mzima haoni haya kuchapisha umbo.

Kisha ipo inayolalamika kwamba pointi hazikupangwa kwa mfululizo wa kupanda. ERA5 huhifadhi latitudo kutoka kaskazini kwenda kusini, yaani namba zinashuka: -4.00, halafu -4.25. RectBivariateSpline haitaki hivyo hata kidogo. RegularGridInterpolator ya siku hizi inakubali zinazoshuka pia, mradi zisijirudie wala kuyumbayumba. Dawa ni kupindua mpangilio wa latitudo uanzie kusini, na wa safu mlalo za jedwali pia. Nitalirudia hilo la jedwali chini, maana ndiko watu wanakoangukia.

Kuuliza nje ya mipaka nako kuna hitilafu yake, na wakati mwingine inamkuta mtu aliye ndani kabisa, au anayedhani yuko ndani. Ukikata data yako iishie latitudo -4.05, kisha ukauliza -4.05 ile ile iliyohifadhiwa kwa namba fupi za biti 32, kompyuta inaona -4.05000019. Umetoka nje ya ramani kwa sentimita mbili, na programu imesimama. Usihangaike kuzungusha desimali. Unapokata data, acha mraba mmoja wa ziada kila upande, basi.

Ya mwisho katika kundi hili hutoka kwenye data iliyotawanyika na huja na jina la kutisha, Qhull, likifuatwa na maelezo marefu ya jometri. Qhull ni programu inayofunga turubai: inachukua nguzo na kuzigawa pembetatu pembetatu kwa mtindo wa Delaunay, mwanahisabati wa Urusi aliyeueleza mwaka 1934. Sasa tuseme mashua imepita katikati ya mlango wa Kilindini ikipima kina, imenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Nguzo zote ziko kwenye mstari mmoja. Turubai gani utalifunga hapo? Hakuna pembetatu, na Qhull inakuambia hivyo kwa lugha yake. Suluhisho halipo kwenye msimbo. Ama mashua ipite zigizaga, ama ukubali kuwa una data ya mhimili mmoja na uitumie hivyo.

Msimbo unaonyamaza

Rudi kwenye mraba wetu wa pembe nne. Jedwali lake ni mbili kwa mbili. Mtu akilipindua kimakosa, safu mlalo zikawa safu wima, umbo linabaki mbili kwa mbili na hakuna hitilafu yoyote itakayotokea. Kilichotokea ni kwamba Bamburi imepewa 10 ya Kwale, na Kwale imepewa 40 ya Bamburi. Fanya hesabu ile ile: mstari wa kaskazini unatoa 13.2, wa kusini 33.2, na jibu ni 17.2. Mvua ya kisiwani imepungua karibu nusu, na programu imemaliza kazi bila hata kukohoa.

Au tuseme amekumbuka kupindua latitudo zipande, akasahau kulipindua jedwali pamoja nazo. Safu ya kaskazini inasoma namba za kusini. Jibu linakuwa 25.6. Hii ni hatari kuliko ile ya kwanza, kwa sababu 25.6 haionekani kuwa upuuzi. Inaaminika. Itaingia kwenye ripoti, itanukuliwa, itazeeka ikiheshimiwa.

Kinga yake ni ndogo na inafanya kazi vizuri mno: usijaribu msimbo wako kwa jedwali la mraba. Kata latitudo tano kwa longitudo nane, pande zisilingane, ili kosa la kupindua likose pa kujificha na lipige kelele. Halafu uliza thamani ya mahali ambapo tayari unaijua, juu ya nguzo yenyewe. Ukiuliza -4.00 na 39.75 na usipate 40 ya Bamburi, simama hapo hapo.

Kuna pia kubadilisha latitudo na longitudo wakati wa kuuliza. Wapiga ramani husema latitudo kwanza. Wanahisabati, waliozoea x kisha y, huweka longitudo kwanza. Programu nyingi za ramani za mtandaoni zimegawanyika kati ya kambi hizo mbili. Ukizibadilisha za Mombasa, latitudo 39.67 na longitudo -4.05, unatua Hispania, kilomita ishirini hivi kusini mwa mji wa Toledo. Kwa data ya pwani ya Kenya tu utapata hitilafu ya kuwa nje ya mipaka na utagundua. Kwa data ya dunia nzima hutapata kitu. Utasoma mvua ya Toledo na kushangaa masika ya mwaka huu yamekuwaje.

Mashimo meupe

NaN ni alama ya kompyuta kwa kitu kisicho namba. Ikionekana kwenye ramani huacha nafasi tupu, na wengi huichukulia kama ugonjwa. Mara nyingi ni uaminifu. griddata huweka NaN nje ya eneo lililozungushiwa nguzo za mwisho, kwa sababu hapo hakuna kitambaa. Kama vipima mvua vyako vyote viko kati ya Changamwe na Nyali, Shelly Beach itabaki nyeupe, na inapaswa kubaki nyeupe. Ukichagua njia ya nearest, ile ya jirani wa karibu, mashimo yatatoweka yote, lakini ni kwa sababu njia hiyo itakujibu hata ukiiuliza kuhusu Pemba.

Sababu nyingine ya shimo ni NaN moja iliyojificha ndani ya data. Data nyingi za joto la bahari huweka NaN kila palipo nchi kavu. Ukiuliza joto la maji ufuoni Nyali, kati ya pembe nne moja au mbili ziko bara. Hesabu inajumlisha pembe zote, na NaN ikijumlishwa na chochote hubaki NaN, hata uzito wake ukiwa sifuri, maana sifuri mara NaN nayo ni NaN. Ndiyo sababu ramani za joto la bahari hupenda kupotea pale pale watu wanapoogelea. Kwenye njia za mkunjo mambo huwa mabaya zaidi: NaN moja inaweza kufuta ramani nzima. Kwa data iliyotawanyika, ziondoe kabla ya kuanza. Kwa gridi, amua kwa makusudi utazijaza kwa kanuni gani, uiandike.

Kitu kimoja usikifanye hata ukishikiwa fimbo: kujaza NaN kwa sifuri. Kwenye mvua, sifuri ni taarifa kamili; inasema hapakunyesha. NaN inasema hatujui. Ukizichanganya, kila kituo kilichoharibika betri kinageuka jangwa, na turubai lote la jirani linavutwa chini nacho.

Mkunjo si bora siku zote

Imani iliyoenea ni kwamba njia ya cubic, inayochora mikunjo laini, ni sahihi kuliko ya linear, ile ya mstari ulionyooka, kwa kuwa inapendeza. Kwa joto, ambalo hubadilika polepole, aghalabu inafaa. Kwa mvua ya pwani, ambayo inaweza kuizamisha Kisauni huku Likoni kukiwa na jua, ni balaa. Turubai la mpira likivutwa juu na nguzo moja ndefu, upande wa pili hubonyea chini. Weka vipimo 0, 0, 60, 0, 0 kwa mfululizo, pitisha mkunjo, na kati ya sifuri zile utapata mvua iliyo chini ya sifuri. Mvua hasi! Watu hulifuta kosa hilo kwa kugeuza kila namba hasi kuwa sifuri, wakisahau kwamba mkunjo uliobonyea upande mmoja umefura mwingine, na uvimbe haufutwi kwa sababu hauonekani kuwa ajabu. Mwanahisabati wa Ujerumani Carl Runge alishaonyesha mwaka 1901 kwamba kuongeza daraja la mkunjo kunaweza kuzidisha kosa, hasa pembezoni. Njia ya linear haiwezi kuzidi nguzo zake wala kushuka chini yake. Ukitaka ulaini bila uvimbe, jaribu pchip, inayopatikana ndani ya RegularGridInterpolator ya karibuni.

Imani pacha ni kwamba kuchora gridi nyembamba zaidi kunaongeza taarifa. Unaweza kuugawa mraba wa kilomita 28 katika vipande vya mita 100 na kupata picha ya kuvutia ambayo mtaa wako una rangi yake mwenyewe. Nguzo bado ni nne.

Kisha kuna jiografia, ambayo hesabu haiijui. Weka vipimo vya kina cha maji vya mkono wa bahari wa Tudor na vya Kilindini kwenye griddata, nayo itafunga turubai juu ya kisiwa bila wasiwasi na kukuambia kuna mita kadhaa za maji Mwembe Tayari. Lazima uiwekee mpaka wa nchi kavu mwenyewe, ukate kinachoangukia bara baada ya hesabu, au ugawe maji katika sehemu zinazowasiliana kweli.

Vizio vya mihimili (nyuzi, mita, siku) navyo visiachwe. Sisi tuna bahati: karibu na ikweta nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zinakaribia kilomita sawa, 111 hivi. Aliye Oslo, longitudo yake imefinywa nusu. Lakini ukichora joto la bahari kwa kina cha mita na kwa siku za mwaka, mita 10 na siku 10 hazina undugu wowote, na pembetatu za Delaunay zitakuwa nyembamba kama sindano. griddata ina chaguo la rescale kwa hali hiyo, na kwa kawaida limezimwa. Na kabla hujaitilia shaka hesabu yoyote ya ERA5, kumbuka mvua yake imeandikwa kwa mita. Anayeona 0.0316 na kutangaza ukame hajakosea intapolesheni.

Kujua umekosea kiasi gani

Baada ya msimbo kukubali na mashimo kueleweka, jaribio linalofaa kwa data iliyotawanyika ni kuficha nguzo moja. Ondoa kipima mvua kimoja, viache vilivyobaki vikadirie thamani yake, linganisha na kilichopimwa kweli. Kirudishe, ondoa kingine, hadi viishe. Wastani wa tofauti hizo ndio ukubwa wa kosa lako, na unapaswa kuandikwa chini ya ramani kwa herufi zinazosomeka. Kama ni milimita 12, desimali yoyote uliyoiweka baada ya nukta ni mapambo.

Jaribio hilo lina upofu wake. Vipima mvua vikiwa vimerundikana mjini, kukificha kimoja hakusemi lolote kuhusu Jomvu au Mtongwe, kwa sababu jirani zake wako hatua chache. Hapo kubadilisha funksheni hakusaidii kitu; linalotakiwa ni kipima mvua kingine huko, na kile cha kawaida cha kusoma kwa macho kila saa tatu asubuhi hakihitaji hata umeme.